Vituo Vinne vya Kijivu

Katika ofisi yetu ya maji tulikuwa wawili tu tuliofika kazini kabla ya mfagizi: mimi, kwa sababu masijala haijifungui yenyewe, na karani wa takwimu, ambaye sote tulimwita Bi Jedwali. Jina hilo alipewa na madereva wa maboza, yale malori ya kubebea maji, na hakulikataa. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na mkoba wake wa ngozi ulikuwa umezeeka bila kupoteza kitu hata siku moja. Nimefanya kazi na watu wengi waliojiita makini. Wengi wao walikuwa makini bosi akiwapo. Yeye alikuwa makini hata chumba kikiwa kitupu.

Naandika habari zake kwa ajili ya siku nne, kuanzia Jumatatu moja hadi Alhamisi yake. Sitamsafisha wala sitamchafua. Nitaeleza kilichotokea, na hukumu yangu nitaisema pale inapostahili.

Sehemu ya juu ya mji wetu haina mabomba. Huko kuna vituo vya maji arobaini na kimoja, na kila kituo ni tangi kubwa jeusi juu ya jukwaa la saruji, na koki tatu chini yake. Maboza ya ofisi hupita kuyajaza. Kila asubuhi ya siku ya kazi wasimamizi wa vituo huchovya fimbo yenye alama ndani ya matangi na kutuma vipimo kwa simu. Zamani vipimo hivyo viliandikwa kwenye karatasi, vikapigwa chapa, vikatolewa nakala tano, zikagongwa mihuri. Nakala ilipomfikia dereva, tangi lililoandikwa kuwa na maji ya nusu lilikuwa limekauka tangu jana yake. Taarifa ilikuwa ya kweli, ila ya juzi.

Bi Jedwali ndiye aliyeiondoa karatasi hiyo. Alikuwa na stashahada ya takwimu aliyoisomea jioni baada ya kazi, huku ananyonyesha, na mambo ya mtandao alijifunza mwenyewe. Alitengeneza jedwali moja la mtandaoni ambalo watu wote wangelifungua kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye simu au mashine yake. Juu ya jedwali aliweka ubao wa rangi: kila kituo na kiduara chake. Kijani maana yake tangi limejaa, njano nusu, nyekundu linakaribia kukauka. Kijivu kilikuwa cha kituo ambacho hakijaleta taarifa, na kwa madereva kilikuwa na maana moja tu: hatujui, nendeni mkaone.

Kuwazoesha watu ilikuwa kazi. Alipomtumia Meneja linki ya jedwali, Meneja aliichapa kwenye karatasi, ule mstari mrefu wa herufi na tarakimu zisizosomeka, akaibandika kwenye ubao wa matangazo na kuandika chini yake kwa kalamu nyekundu: "Wote msome hapa." Kwa siku mbili watu walisimama mbele ya karatasi ile wakiitazama kwa heshima. Mtunza stoo, alipofanikiwa kulifungua jedwali, aliandika "nimeona, asante" mahali pa kipimo cha kituo cha saba, na hesabu ya ofisi nzima ikagoma hadi mchana. Afisa utumishi naye alipanga majina ya vituo kwa alfabeti bila kugusa vipimo. Majina yakahama, vipimo vikabaki, na boza likapelekwa kwenye tangi lililokuwa linamwagika.

"Mimi nilitaka lipendeze tu," alijitetea afisa utumishi.

"Limependeza," Bi Jedwali alimjibu. "Sasa nenda kamweleze yule mama ambaye boza limemjazia maji sebuleni."

Baada ya hapo aliwanyang'anya wote ruhusa ya kuandika, akawaachia ya kuona tu. Waliobaki na ruhusa ya kubadilisha kitu walikuwa yeye na Meneja. Meneja kwa kuwa ni Meneja. Na madereva aliwapa amri moja aliyoirudia mpaka ikawa kama kiitikio: msifuate mazoea, fuateni orodha. Kituo kikiwamo kwenye orodha, nenda. Kisipokuwamo, usijitungie safari.

Aliyemsumbua zaidi kwa amri hiyo alikuwa dereva mmoja wa mkataba wa muda, mwanamume mwenye sauti ya utani, ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Sababu. Hakuwahi kuchelewa bila hadithi. Mara mbuzi walilala barabarani, mara shemeji yake amefunga ndoa bila kutoa taarifa. Watu walicheka, lakini walipocheka walikuwa wanamwandikia jambo moyoni: huyu haaminiki. Mimi pia nilimwandikia hivyo.

Ijumaa moja walikuja wageni kutoka makao makuu kuutazama ubao wa Bi Jedwali. Ulikuwa uoneshwe ukutani kwa projekta. Saa nne kasorobo asubuhi Meneja alisimama nyuma ya kiti chake, tai imembana shingo.

"Hivi vidoa vinne vya kijivu ni nini?"

"Vituo visivyoleta taarifa, Mkuu. Vyote viko chini ya msimamizi mmoja. Simu yake ilitumbukia ndani ya tangi alipokuwa anapima. Namfuatilia."

"Tangu lini?"

"Juzi."

"Kwa hiyo nisimame mbele ya wageni niwaelezee simu inayoogelea."

"Nitawaeleza mimi, Mkuu."

"Hapana. Vitoe. Nusu saa tu, wakiondoka uvirudishe."

Alivitoa. Hakuvifuta, alichuja. Kuchuja ni kuliambia jedwali: mistari hii usiioneshe. Mistari inakaa palepale, ila haionekani. Na kwa kuwa jedwali ni moja kwa watu wote, kinachofichwa kwenye mashine ya karani kinafichwa pia kwenye simu ya kila dereva. Hakuna mtu katika jengo lile aliyelijua jambo hilo kumzidi yeye. Lakini ilikuwa nusu saa.

Wageni walisifu. Ukuta mzima ulikuwa kijani na njano, hakuna doa. Mmoja wao alisema hajaona kazi safi kama ile, akataka wapige picha, na Meneja akamvuta Bi Jedwali kwa mkono asimame katikati. Wakaenda kula. Karani aliporudi mezani kwake jioni, mtunza stoo alikuwa amekwisha kuizima mashine ili achukue waya wa projekta. Bi Jedwali alichukua mkoba wake, akaenda nyumbani. Sifa ni kama mvuke wa chai kwenye miwani: hauumizi, ila kwa muda huo huoni.

Jumamosi na Jumapili vipimo havipokelewi. Madereva hupita vituo vyote vilivyomo kwenye orodha, kimoja baada ya kingine. Dereva wa njia ya juu alikuwa likizo, na njia yake alikabidhiwa Bwana Sababu, ambaye hakuwa ameipita hata mara moja. Mwenyeji angeshangaa kuona vituo vinne vimepotea. Mgeni alifungua simu, akasoma orodha, akajaza matangi yote aliyoyaona. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, alifanya sawasawa na alivyoambiwa.

Kimoja cha vituo vile vinne kilikuwa cha zahanati.

Jumatatu Bi Jedwali alifika saa moja na nusu, akawasha mashine, akafanya anachofanya kila Jumatatu kabla hata ya kuvua kitambaa cha shingo: aliondoa vichujio vyote na kupanga vituo kwa namba, kama mtu anayefagia jiko kabla ya kupika. Mkono ulifanya, akili ilikuwa bado njiani. Mistari minne ikarudi mahali pake bila mtu kuiona ikirudi.

Saa tatu simu ya Meneja ililia. Alikuwa muuguzi wa zahanati. Tangi lao lilikauka Jumamosi jioni, na Jumapili alilazimika kufunga chumba cha kujifungulia. Meneja akaita madereva wote uani, na sisi wa ofisini tukatoka kutazama, kwa kuwa mtu akigombezwa hadharani watu hupenda kuwapo.

"Havikuwamo kwenye orodha, bosi," alisema Bwana Sababu.

"Havikuwamo."

"Havikuwamo. Nilianza cha kwanza mpaka cha mwisho. Mimi nilifuata orodha kama Bi Jedwali anavyotuimbia."

Meneja alinyoosha mkono. "Lete simu yako."

Bwana Sababu alifungua jedwali mwenyewe, akamkabidhi. Meneja alishusha kidole polepole. Kituo cha ishirini na sita kilikuwapo. Cha ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na tisa, vyote vilikuwapo. Aliigeuza simu kumwelekea mwenye simu.

"Hivi ni nini? Mbuzi wamelala juu yake?"

Uani walicheka. Bwana Sababu alitazama simu yake kwa muda mrefu, kama mtu aliyeoneshwa picha ya nyumba yake ikiwa na dirisha asilolijua. Kisha akasema taratibu, bila utani wowote, "Jana havikuwamo."

"Mzee wa sababu," mtu mmoja alisema nyuma, na kicheko kikaanza upya.

Bi Jedwali alikuwa amesimama mlangoni, na hakucheka. Aliniambia baadaye kwamba pale pale aliiona Ijumaa yote kwa mpigo: kiti, tai, nusu saa, picha. Alijua nani aliyevificha vituo vile, na alijua kwamba uani hapakuwa na mwingine aliyejua. Meneja mwenyewe hakuunganisha agizo lake na kosa lile. Kwake ukutani ni ukutani, na simu ni simu. Bi Jedwali alifungua mdomo. Kisha akageuka, akarudi ndani.

Mchana nilipewa barua niipige chapa: Bwana Sababu aitwe kwenye kikao cha nidhamu siku ya Alhamisi. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na alikuwa ameahidiwa ajira ya kudumu. Kikao kikimkuta na kosa, angeondoka siku hiyo hiyo na hakuna ofisi ya maji ambayo ingempa tena usukani.

Jedwali la mtandaoni lina kitu ambacho karatasi haina. Linakumbuka. Kila badiliko huwekwa kwenye historia yake pamoja na siku, saa na jina la aliyebadilisha, na ukifungua toleo la siku fulani unaliona jedwali kama lilivyokuwa siku hiyo. Lakini historia hiyo haifunguki kwa mwenye ruhusa ya kuona tu. Iliweza kufunguliwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa Meneja, ambaye mpaka leo hutuma linki kwa kuipiga picha. Kwa hiyo, kwa kweli, ushahidi wa kumwokoa Bwana Sababu ulikuwa umefungiwa kwenye kabati, na ufunguo alikuwa nao yule yule ambaye jina lake limo ndani.

Jumanne alifungua historia hiyo peke yake. Ijumaa, saa nne kasoro dakika kumi na mbili. Jina lake, limeandikwa kwa herufi ndogo za rangi ya zambarau. Akaifunga. Siku hiyo alimjibu kila mtu kwa upole usio wa kawaida, mpaka mtunza stoo akaniuliza kama mama wa watu anaumwa.

Ninajua alichokuwa anakiogopa, kwa sababu sote tulikijua. Kitengo kipya cha takwimu kilikuwa kinafunguliwa na yeye ndiye aliyetajwa kukiongoza. Miaka kumi na minne alikuwa ameingiza namba za watu wengine bila kukosea. Na zaidi ya cheo, alikuwa anaogopa madereva. Wale aliowaambia msifuate mazoea.

Jumatano alikwenda zahanati. Alisema anampelekea msimamizi wa vituo simu nyingine ya ofisi, na ni kweli alimpelekea. Lakini simu ingeweza kwenda na boza.

Muuguzi alikuwa anaosha mabeseni nje, kwenye koki. Alikuwa mwanamke mtu mzima wa viatu vya mpira, asiye na muda wa mgeni.

"Sasa maji yapo," alisema bila kuinua kichwa. "Mngeleta Jumamosi ningewakaribisha chai."

"Pole sana, dada. Nimekuja kuona hali."

"Hali ni hii. Jumapili asubuhi nilikuwa na galoni mbili, nikazitunza. Saa sita akaja binti wa uzazi wa kwanza. Nikamwambia mama yake, mwanao siwezi kumpokea, sina maji ya kunawa mikono yangu. Wakapata gari la mboga." Alimwaga beseni. "Amejifungulia humo humo nyuma, juu ya magunia ya kabichi, kabla hawajafika barabara kubwa. Mtoto yuko hai, mama yuko hai. Ila tusiseme tumemsaidia."

Bi Jedwali aliinama, akamsogezea beseni lililofuata.

"Mnaye huyo dereva bado?"

"Kikao ni kesho."

"Basi mwambie kutoka kwangu. Mwambie si lazima aniombe radhi mimi. Amtafute yule binti, amtazame usoni, amwambie kwa nini. Mnatuletea rangi kwenye simu, mnasema mnatuona. Mlituona?"

Bi Jedwali alisema atafikisha ujumbe. Ni maneno hayo, nadhani, yaliyomkaba zaidi, kwa kuwa ujumbe ulikuwa umekwisha kumfikia mwenyewe.

Nyumbani kwake nimewahi kufika mara kadhaa. Mumewe ni seremala, na karakana yake iko ubavuni mwa nyumba, kwa hiyo kila kitu ndani kina vumbi jepesi la mbao, hata kitabu cha nyimbo. Mama mkwe anaishi nao. Ni bibi mwembamba ambaye macho yamepungua nguvu lakini hayajapungua ukali. Jumatano hiyo walikula mapema, kabla jua halijazama, kama ilivyo desturi ya bibi.

"Kazini kuna mtu atafukuzwa kwa kosa la mwingine," Bi Jedwali alisema, kama anayesimulia habari za redio.

"Na huyo mwingine yuko wapi?" mumewe aliuliza.

"Yupo."

"Anajua?"

"Anajua."

Mumewe alitikisa kichwa. "Watu wengine wana moyo wa msumari."

Mama mkwe alikuwa ameinamia sahani yake. Akauliza bila kumtazama mtu, "Na huyo mwingine, mwanangu, anakula vizuri?"

Bi Jedwali aliangalia sahani yake. Chakula kilikuwa vile vile alivyopakuliwa.

Mumewe aliacha kutafuna, akamtazama mkewe, kisha mama yake, kisha mkewe tena. Bibi akasukuma kikombe cha maji mpaka kwenye mkono wa mkwewe.

"Kunywa maji," alisema. "Kesho utaongea sana."

Alhamisi saa tatu tuliketi: Meneja, afisa utumishi, mkuu wa madereva, na mimi mwandishi wa kumbukumbu. Bwana Sababu alikaa mwisho wa meza, amevaa shati la kuazima lenye mikono mifupi kuliko mikono yake. Nilikuwa nimeandika mstari wa kwanza tu Bi Jedwali alipoingia bila kuitwa, na kompyuta yake kwapani.

"Hiki ni kikao cha nidhamu," Meneja alisema.

"Ndiyo, Mkuu. Ndicho ninachokitafuta."

Aliweka mashine mezani, akaigeuza tuione sote, akafungua historia ya jedwali. Toleo la Ijumaa likatokea. Tulihesabu pamoja, kidole chake kikishuka: ishirini na tano, kisha thelathini. Akafungua la Jumatatu: ishirini na tano, ishirini na sita. Juu ya matoleo yote mawili palikuwa na jina moja.

"Nilivificha mimi Ijumaa, wageni walipokuja. Nikasahau kuvirudisha. Jumatatu nikavirudisha bila kujua ninachofanya. Alipokuwa anasema havikuwamo, alikuwa anasema kweli. Nilijua tangu pale uani."

Meneja alikohoa, akaangalia dirisha, akakohoa tena. Historia ile haikuandika nani aliyesimama nyuma ya kiti. Bi Jedwali alikuwa na nafasi ya kusema, na hakusema. Alisema "mimi", akaishia hapo. Aliyepaswa kuongeza alikuwa mtu mwingine, na aliendelea kukohoa.

"Tangu uani," alisema Bwana Sababu.

"Ndiyo."

"Jumatatu, Jumanne, Jumatano."

"Ndiyo. Nisamehe."

Alijikuna shingo. "Mimi Jumanne nilikwenda kupimwa macho, Bi Jedwali. Nilimwambia daktari, naona orodha pungufu. Akanipa matone." Alitoa kichupa mfukoni, akakiweka mezani. Mkuu wa madereva alitaka kucheka, akaona haya. "Nyumbani nimeambiwa ninadanganya mpaka mwanangu wa darasa la pili akaniuliza, baba, na sisi huwa unatudanganya? Nitakusamehe, lakini si leo."

"Si lazima leo," Bi Jedwali alisema.

Niliandika yote, neno kwa neno, na nitaandika na hukumu yangu. Kusahau kichujio ni kosa la kibinadamu. Kunyamaza siku tatu mtu akichekwa kwa ajili yako si kusahau. Watu humtolea udhuru, husema mwishowe alikiri. Ni kweli alikiri, na ni wachache ambao wangekiri, hasa pale ambapo hakuna jicho la pili. Lakini zile siku tatu zilikuwa za mtu mwingine, na alizitumia. Yeye mwenyewe hajawahi kujitetea juu yake, ndiyo maana ninamheshimu. Na nikimhukumu yeye nisijiruke mimi, kwa kuwa uani nilikuwa mmoja wa waliocheka, na ile barua niliipiga chapa bila kumwuliza mtu swali.

Bwana Sababu aliajiriwa. Bi Jedwali alipewa barua ya onyo, ambayo pia niliipiga chapa mimi, na Meneja akaitia saini bila kukohoa. Kitengo kipya alipewa kijana aliyehamishwa kutoka kwingine, na Bi Jedwali ndiye aliyemfundisha jedwali. Siku iliyofuata alikwenda kumtafuta yule binti wa magunia ya kabichi. Aliyoambiwa huko hajaniambia, na sikuuliza.

Alifanya mambo mawili mengine. Aliwafungulia wafanyakazi wote, madereva kwa wasimamizi, historia ya mabadiliko. Ilibidi awape tena ruhusa ya kuandika, na kila mahali pa kuandika apafunge kwa kufuli lake, isipokuwa kisanduku kimoja cha maoni. Mtunza stoo akaandika humo "nimeona, asante", na safari hii hakuna kilichoharibika. Jambo la pili, juu kabisa ya jedwali aliweka mstari unaojihesabu wenyewe: vituo vinavyoonekana, arobaini na kimoja kati ya arobaini na kimoja. Kikifichwa hata kimoja, mstari unageuka mwekundu kwenye simu ya kila mtu. Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha boza, Bwana Sababu hupita dirishani kwake.

"Arobaini na kimoja, Bi Jedwali."

"Arobaini na kimoja."

"Nimehesabu bila matone."

Utani ulirudi kidogo kidogo. Uzito haukutoka wote.

Miezi sita baadaye wageni wa makao makuu walitangaza kuja tena. Asubuhi hiyo ubao ulikuwa na viduara viwili vya kijivu, vya upande wa machimbo, ambako mtandao ulikuwa umekatika. Nilikuwa nimeleta majalada ya Meneja asaini, kwa hiyo nilisikia. Alikuja akasimama nyuma ya kiti, mahali pale pale.

"Hivyo viwili."

"Ndiyo, Mkuu."

"Wageni wako getini."

"Nimewaona."

Alisubiri. Bi Jedwali hakugusa kitu. Mikono yake ilikuwa mapajani, mmoja juu ya mwingine, kama mtu aliye kanisani au msikitini. Meneja alinitazama mimi, na mimi nikamtazama yeye, na nadhani aliukumbuka mstari unaogeuka mwekundu, kwa sababu alilegeza tai yake na kuondoka.

Ukutani ubao ukawaka, kijani, njano, nyekundu kidogo, na madoa mawili ya kijivu juu kushoto. Mgeni aliyekuwa amesifu usafi mara ya kwanza alivaa miwani, akasogea karibu.

"Hapa pana nini?"

Meneja aligeuka kumtafuta karani wake. Bi Jedwali alisimama.

"Hapo hatujui," alisema. "Boza liko njiani kwenda kuona."